Mbao ndani ya nyumba: ziweke pale mwili unapogusa

Swali: Shikamoo fundi. Mimi na mume wangu tunamalizia nyumba. Nje kumekwisha, sasa tuko ndani: sakafu, makabati, dari na ngazi. Moyo wangu uko kwenye mbao. Mume wangu anasema mbao ni kuni zilizopakwa vanishi. Zikikosa mchwa zitapata moto, na zikikosa moto zitapinda. Fundi wetu naye anataka tuweke vigae kila mahali tumalize kazi. Je, mbao ndani ya nyumba zina faida gani ya kweli, mbali na kupendeza? Na kama ipo, tuziweke wapi?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na mume wako, kwa sababu hajakosea. Yote aliyoyataja yamewahi kunikuta, au nimewahi kuitwa kuyarekebisha. Ila amehesabu hasara akaruka faida, na zote mbili zinatoka tundu moja. Ukilijua tundu hilo, nusu ya swali lako la mwisho itajijibu yenyewe.

Nasema tundu nikimaanisha tundu hasa. Chukua kipande cha mbao, kikate kwa msumeno mkali kwa kukingama, kisafishe kwa wembe, kisha kitazame kwa kioo cha kukuzia. Kwenye miti mingi ya mbao ngumu utaviona vitundu vimejipanga kama umekichoma kwa sindano. Hiyo ni midomo ya mirija iliyokuwa ikipandisha maji kutoka mizizini hadi kwenye majani. Mti umeangushwa, maji yamekauka, mirija imebaki na hewa. Kwa hiyo ubao ulio mkononi mwako ni fungu la mirija midogo mno yenye hewa iliyonaswa ndani, na kuta za mirija hiyo bado zina kiu ya maji.

Hewa iliyonaswa ndiyo inayokupa faida ya kwanza. Zege la kawaida hupitisha joto takriban mara 10 zaidi ya mbao, na chuma mara 300 au zaidi. Jaribu hivi: asubuhi kukiwa na ubaridi, vua viatu, mguu mmoja ukanyage kigae na mwingine ukanyage ubao vilivyolala chumba kimoja usiku kucha. Ukivipima kwa kipimajoto, vyote viwili vina joto lilelile la chumba. Lakini mguu wako utaapa kwamba kigae ni baridi. Ngozi ya wayo ina joto zaidi ya kigae, na kigae kinalinyonya joto hilo upesi kuliko damu inavyoweza kulirudisha. Ubao haunyonyi hivyo; tabaka lake la juu linapata joto la mguu wako, linatulia. Kukiwa na jua kali, mambo hugeuka: reli ya chuma iliyopigwa na jua la dirishani huchoma kiganja, ilhali ya mbao unaishika bila kuruka.

Ndiyo maana huwaambia wateja wangu jambo moja ambalo wengine hulisikia kama ushamba: mbao ziwekwe pale mwili unapogusa. Reli ya ngazi. Vidato vya ngazi. Sakafu ya chumba cha kulala, mahali unaposhusha miguu ukitoka kitandani. Meza unayoegemeza viwiko, benchi, kitasa, ukingo wa dirisha unapokaa na kikombe. Watu wengi hufanya kinyume: wanapigilia mbao darini ambako hakuna anayefika, halafu wanaweka chuma kwenye reli na kigae kilichong'arishwa kando ya kitanda. Dari ya mbao inapendeza, sikatai, lakini ni kitu cha kutazamwa tu. Bajeti ikibana, anza na vya kushikwa.

Sasa ile kiu ya maji. Mbao hazikauki zikamaliza. Maisha yao yote huvuta mvuke hewani hewa ikiwa na unyevu, na kuuachia hewa ikikauka. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 65 itauacha ubao na maji kama asilimia 12 ya uzito wake mkavu; unyevu wa hewa ukishuka hadi asilimia 30, ubao utashuka hadi kama 6. Kuna faida hapa ambayo haionekani kwa macho. Chukua chumba cha mita 4 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.7. Hewa yake yote, ikiwa na joto la nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60, imebeba mvuke wa maji wa gramu 600 hivi. Sasa ukuta mmoja na sakafu vikiwa vya mbao, tabaka la juu lenye unene wa milimita chache tu linaweza kupokea mamia ya gramu za maji na kuyarudisha taratibu. Chumba kinakuwa na akiba: watu wakijaa, au mvua ikinyesha mkiwa mmefunga madirisha, hewa haibadiliki ghafla.

Hata hivyo usiuziwe faida hii kwa maneno. Ukiupaka ubao tabaka tatu za vanishi ya plastiki umeufunga midomo, na kazi hiyo ubao utaifanya kwa shida sana. Ubao unaopumua ni ule ulioachwa mtupu, au uliopakwa mafuta au nta. Ukutani na darini unaweza kufanya hivyo bila hofu. Sakafuni, ambako mtoto atamwaga maziwa, utachagua mwenyewe kati ya kupumua na kufutika.

Kuhusu utulivu wa moyo, zamani nilikuwa naona ni maneno ya wauza samani. Siku hizi nimelegeza msimamo. David Fell, kwenye utafiti wake wa mwaka 2010 katika Chuo Kikuu cha British Columbia, Canada, aliwapa watu kazi ya kuchosha akili, wengine ndani ya chumba chenye samani za mbao na wengine ndani ya chumba kisicho na mbao, huku akipima jinsi ngozi yao inavyopitisha umeme, kipimo kinachoonyesha mkazo wa mwili. Waliokuwa kwenye mbao walionyesha mkazo mdogo zaidi. Mbao haziwi dawa kwa sababu hiyo, na mtu mwenye madeni hatalala usingizi kwa kuwekewa ukuta wa msonobari. Lakini nikikumbuka vyumba nilivyovifanyia kazi, vile ambavyo wageni hukaa wakasahau saa vilikuwa na mbao mahali fulani, hata kama ni meza moja.

Kwenye sauti nako kuna uongo mwingi. Utaambiwa mbao hunyonya mwangwi. Ubao mnene uliobanwa ukutani haunyonyi sauti kiasi cha kujivunia. Kinachonyonya ni mpangilio: fito zilizoachiana nafasi, nyuma yake blanketi la sufu au pamba ya madini, nyuma yake tena uwazi. Sauti inapenya kati ya fito, inapotelea kwenye ile sufu. Au paneli nyembamba iliyosimama mbali kidogo na ukuta, inayotikisika yenyewe na kumeza zile sauti nzito za chini. Mkitaka sebule isiyorudisha kila neno, mwambieni fundi awafanyie hivyo.

Nije kwenye kupinda, ambako hasara nyingi hutokea, nami nitakaa hapa kidogo.

Nilipoanza kazi nilitengeneza mlango wa kabati wa mbao ngumu, fremu nne na bamba pana katikati. Ulinipendeza mno. Ili usilegee, niliubana kwa gundi pande zote nne za bamba, nikauacha na vibano usiku kucha. Mteja aliuchukua, akaufunga. Kiangazi kilipoingia akanitumia mtu kuniita: usiku wamesikia mlio kama wa bakora, wakadhani dirisha limevunjwa. Nilipofika nilikuta ufa umeshuka kutoka juu hadi chini katikati ya bamba, ncha ya kidole inaingia. Mbao hazikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyezikaba. Hewa ilikauka, bamba likataka kusinyaa, gundi ikakataa, na kwa kuwa halikuwa na pa kwenda likapasuka.

Ubao husinyaa na kutanuka kwa upana, kwa urefu karibu hakuna kitu. Tena upana wenyewe si sawa: kufuata mzingo wa zile duara za ukuaji, ubao husogea takriban mara mbili ya unavyosogea kutoka kwenye kiini kwenda kwenye gome. Tofauti hiyo ndiyo inayoukunja ubao kama kigae cha paa. Kwa mfano, ubao wa upana wa sentimita 20 uliopasuliwa kufuata mzingo, ukifungwa ukiwa na maji asilimia 18 na ukaja kukaukia ndani hadi asilimia 9, unaweza kupungua milimita 4 au 5. Mbao 20 za namna hiyo sakafuni, kila moja ikiacha ufa wa milimita 5, hapo mume wako atakuwa ameshinda hoja.

Dawa yake ni mbili. Ya kwanza, ubao uachiwe nafasi ya kucheza. Bamba la mlango likae ndani ya mfereji wa fremu bila gundi, lielee. Sakafu iachwe uwazi wa sentimita moja hivi ukutani kote, uwazi utakaofichwa na ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta. Uso wa meza usipigiliwe misumari kwenye miguu. Ufungwe kwa skrubu zinazopita kwenye matundu marefu.

Ya pili, na ndiyo kubwa: mbao ziingie nyumbani zikiwa zimekauka. Mbao za ndani zinatakiwa ziwe na maji kati ya asilimia 8 na 12, kutegemea hewa ya mahali mnapoishi. Muuzaji yeyote atakwambia zimekauka. Pengine anaamini hivyo kweli, maana kwa nje zinaonekana kavu. Mbao zinazokaushwa kwa upepo tu, kanuni ya mafundi wa zamani ni mwaka mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene, na hata hapo zitafika pale upepo wa nje ulipo, si pale chumba chenu kilipo. Kama fundi wenu hana kipima unyevu, unaweza kuzijaribu kwa mizani ya jikoni. Kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si kwenye ncha, kwa sababu ncha hukauka mapema ikadanganya. Kipime, tuseme ni gramu 118. Kiweke kwenye oveni yenye nyuzi zisizozidi 105, ukae jirani, ukipime kila baada ya saa kadhaa hadi uzito ukome kushuka. Kikiishia gramu 100, basi kilikuwa na maji gramu 18 juu ya gramu 100 za mbao kavu, yaani asilimia 18. Mbao hizo si za kufungwa leo. Zipangeni ndani ya chumba chenyewe, kati ya kila tabaka mweke vifito ili hewa ipite, mzipe wiki kadhaa, kisha mpime tena. Fundi wenu atalalamika. Mwacheni alalamike.

Hapa kuna jambo ambalo maduka hayapendi kulitenganisha. Vingi vinavyouzwa kama samani za mbao ni chembechembe au unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, zile bodi za MDF na chipibodi, juu yake pamebandikwa karatasi yenye picha ya mbao. Sizichukii. Hazipindi kama ubao, na kwa migongo ya makabati zinafaa kabisa. Ila gundi nyingi za bodi hizo hutoa gesi ya fomaldehidi, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliiweka mwaka 2004 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ukifungua kabati jipya macho yakawasha, ndiyo hiyo. Tafuteni bodi zenye alama ya E1, inayoonyesha kwamba zinatoa gesi hiyo kidogo, au zinazotoa kidogo zaidi ya hapo, mzibe kingo zote zilizokatwa, mfungue madirisha wiki za mwanzo. Tena bodi hizo zikinywa maji huvimba na hazirudi. Angalieni chini ya sinki la mtu yeyote aliyekaa na kabati la chipibodi miaka mitano: sakafu ya kabati imetuna kama andazi pale koki inapodondosha tone.

Ubao halisi ukiharibika hutengenezeka. Huo mkwaruzo wa meza unaupiga msasa, unapaka mafuta, umekwisha. Mbonyeo usiokata nyuzi unauwekea kitambaa kibichi na kukipitishia pasi ya moto. Mvuke unaingia kwenye ile mirija iliyobonyea, inajaa, inainuka. Nimewafanyia watu hivyo mbele yao wakadhani ni mazingaombwe. Sakafu ya mbao nene inaweza kupigwa msasa mara kadhaa katika maisha yake, kila mara ikatoka mpya. Kigae kilichopasuka kinasubiri kung'olewa.

Mchwa sasa. Wengi huja kutoka ardhini, kwa hiyo vita vyao vinapiganwa kwenye msingi na kwenye nyufa za sakafu kabla mbao hazijaingia. Ubao wowote usigusane na udongo. Kwa wadudu wanaobungua, angalieni rangi: sehemu ya nje ya shina, ile nyeupe, ina wanga na ndiyo wanayoipenda, ile ya ndani yenye rangi nzito imejaa kemikali ambazo mti uliziweka kujilinda. Msaji, mvule au mninga wa sehemu ya ndani ni adui mgumu kwa mdudu. Msaji huohuo wenye mstari mweupe pembeni utaliwa mstari huo. Kataeni huo mstari, au mfanye fundi auondoe. Mkiona vumbi laini kama unga chini ya vitundu vidogo, kuna mdudu kazini.

Na kwa kuwa siku hizi kila mtu anatengeneza meza kwa palati, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo: someni muhuri wake. HT maana yake imetibiwa kwa joto. MB maana yake imefukizwa kwa methili bromidi, ambayo ni sumu. Hiyo isiingie ndani.

Moto. Mume wako yuko sahihi nusu. Paneli nyembamba na fito ni chakula cha moto, na haziwekwi nyuma ya jiko hata kidogo. Pale wekeni vigae, na fundi wenu atafurahi. Lakini mhimili mnene ni kitu kingine. Ukiwaka, uso wake hugeuka mkaa, na mkaa hulinda ndani. Mbao za msonobari huliwa na moto kama milimita 0.65 kwa dakika, yaani nusu saa inakula sentimita 2 kila upande unaowaka, na kilichobaki ndani bado kinabeba mzigo. Chuma kitupu kikifika nyuzi 550 hadi 600 kinakuwa kimepoteza takriban nusu ya nguvu zake. Kwa hiyo msiogope boriti. Ogopeni nyaya mbovu zilizopitishwa nyuma ya paneli.

Kwa nyumba yenu, bila kuiona, ningefanya hivi. Jikoni chini, bafuni na mlangoni: vigae, bila ubishi, maana ubao unaokaa na maji zaidi ya asilimia 20 unaanza kuoza. Vyumba vya kulala: sakafu ya mbao. Ngazi: vidato na reli vya mbao ngumu. Makabati ya jikoni: milango ya mbao, maboksi ya plaiwudi nzuri. Dari mtaamua mkibakiwa na fedha. Na msiweke zulia juu ya sakafu mpya mwaka wa kwanza. Mwanga hubadilisha rangi ya mbao, na siku mtakapolinua mtakuta mraba wake umechorwa chini.

Mkichagua kupaka mafuta ya kitani (linseed), ambayo mimi nayapenda kuliko vanishi, pakeni tabaka nyembamba na mfute yote yanayobaki juu baada ya dakika 20 hivi. Vitambaa mlivyofutia msivikunje na kuvitupa kwenye ndoo. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa hulitunza joto hilo hadi kikajiwasha chenyewe, bila kiberiti. Vitandazeni nje kimoja kimoja hadi vikauke vikakamaa, au mvizamishe kwenye maji. Huo ndio moto wa mbao ninaouogopa mimi, na mwambie mume wako huo hakuutaja.